Je, Bahati Hununuliwa?

Msafiri afikaye Kyoto, katika nchi ya Japani, huonyeshwa hekalu la Fushimi Inari, ambalo wenyewe husema liliasisiwa mwaka 711. Huko humwomba Inari, mungu wao wa mpunga, na wafanyao biashara humtaka heri ya maduka yao. Mlimani mna maelfu ya malango ya mbao yenye rangi nyekundu, yaliyokaribiana hata njia ikawa kama ushoroba. Kila lango limeandikwa jina la aliyelitoa, ama kwa kuomba ama kwa kushukuru. Kubwa lina bei kubwa, na dogo bei ndogo. Na kwa kuwa ni mti, mwisho huoza. Pia huuzwa vikaratasi vya kura: atokewaye na kibaya hukifunga papo hapo, akaiacha nuksi nyuma yake.

Ndugu msomaji, usicheke upesi. Makka nako walipiga kura kwa mishale, na Qur'ani Tukufu ikazikataza katika Suratul Maida. Mtume wetu (S.A.W.) alipoifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, hakukubali kuingia katika Kaaba mpaka masanamu yatolewe. Miongoni mwake zilikuwamo sura za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (A.S.) wameshikishwa mishale ile, naye akasema kwamba hawakupata kuitumia kamwe.

Basi mbona miongoni mwetu wako wasiofungua duka ila wapigiwe bao, wala hawaozi binti ila itazamwe nyota? Yule wa Kyoto hakutoa shahada akaivunja. Sisi je, tutajibu nini?

Tena tufikiri: bahati ikiwa na bei, itakuwa ya nani ila tajiri? Mjane asiye na ada ya mganga ataipata wapi? Haiwi kwamba Mola muadilifu aiweke heri ya waja Wake dukani.

Tumefundishwa Istikhara: rakaa mbili na dua, bila ya senti moja, sawasawa kwa tajiri na maskini. Haitufumbulii ya kesho. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuchagulie, kisha twafanya kazi, na lililotufika hatuna mti wa kulifunga tukaondoka. Twalibeba kwa subira au kwa shukrani.

Malango ya Kyoto yaonekana na kila mtu. Yetu yamo vichochoroni, gizani. Tuanze kuyavunja hayo. Mlango wa Mola haulipiwi.