Jiwe la Mke Mkubwa

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, kilomita 30 hivi, unaingia Seme na kuona mawe makubwa yamebebana, yamepita miti kwa urefu. Ndiyo Kit Mikayi, kwa Kijaluo jiwe la mke mkubwa. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Katoliki miaka ya 1960, huja hapa na kanzu na rozari zao kufunga na kusali. Kando yao ng'ombe wanakula nyasi na watu wanalima, wala hakuna anayeshangaa.

Wenyeji husimulia kwamba mzee Ngeso aliupenda mwamba huo kupita kiasi. Kila asubuhi aliingia katika pango lake, akashinda humo. Mkewe akawa anampelekea uji, baadaye chakula cha mchana. Akiulizwa mzee yuko wapi, alijibu kwamba yuko kwa mikayi wake.

Kisa hiki husimuliwa kama habari za Ngeso. Mimi namfuata aliyebeba uji. Nani alisaga nafaka, nani alichanja kuni? Mapenzi ya mzee yangefika siku ya ngapi kwa njaa? Na jibu la mama huyo, ambalo nashuku lilikuwa na kijembe (aliyewahi kuwa na mke mwenza atakisikia), ndilo lililoupa mwamba jina. La kwake halitajwi.

Kijembe chenyewe kilichoma. Katika boma la Mjaluo nyumba ya mikayi hutazamana na lango. Ya nyachira, mke wa pili, hujengwa kuliani kwake, na ya reru, wa tatu, kushotoni. Msimu wa kupanda, mikayi ndiye huanza, wenzake wakafuata. Kuliita jiwe mikayi ni kuliingiza bomani na kulipatia zamu ya kwanza, na aliyetamka hivyo alikuwa anajishusha mwenyewe.

Tumezoea kuambiwa kwamba kitakatifu ni kile kilichotengwa na shughuli za kila siku. Seme hawakungoja kutenga. Hata Wahopi wa Arizona huchimba kiva, vyumba vyao vya ibada, humo humo kijijini, karibu na nyumba za watu. Utakatifu wa Kit Mikayi, kwa hesabu yangu, ulipitia jikoni kwanza.

Ukienda, lipa kiingilio, msikilize anayekuongoza akikuonyesha lipi ni jiwe la mume na yapi ni ya wake. Kisha muulize habari za yule mama wa uji.