Penzi la Mmoja, Deni la Wengi

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Wasomaji wengi wa Kiswahili huikumbuka kwa ratili ya nyama na kisu cha Shylock. Aghalabu husahauliwa kwamba chanzo cha kisu kile kilikuwa penzi. Bassanio alitaka kwenda Belmont kumposa Portia, ilhali mali yake alikwisha kuitapanya kwa maisha yaliyomzidi kimo. Rafiki yake Antonio, ambaye utajiri wake wote ulikuwa baharini, akauweka mwili wake rehani ili zipatikane dukati 3,000. Aliyependa alikuwa mmoja, na aliyekabili kisu alikuwa mwingine.

Swali la nani alipie penzi la mwenziwe halikuishia Venisi. Hurudi kila mwaka katika nyumba za Tanzania, Bara na Visiwani, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na vijana wakaanza kuchagua vyuo. Nalo halionekani wazi mahali pengine kuliko katika kijiji kama Matembwe, kwenye nyanda za juu za Njombe, upande wa Lupembe kunakolimwa chai. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa shirika la Kitaliano la CEFA, palijengwa huko mtambo mdogo wa umeme wa maji, wakati ambapo vijiji vingi vya nchi vilikuwa bado vikiwasha vibatari. Si ajabu basi mtoto wa huko akaitamani sayansi ya kompyuta kama mtoto wa pwani anavyoitamani bahari.

Huko, mti ni akiba. Mzazi hupanda misindano, ndiyo misonobari, mtoto angali mchanga, akitumai kwamba wawili hao watakua pamoja. Msindano hutaka miaka 15 hadi 20 ndipo utoe mbao za kujivunia. Ila mtoto hafuati kalenda ya mti. Barua ya chuo ikitangulia, shamba huuzwa likiwa bichi, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji ana haraka.

Serikali ilikwisha kuondoa ada katika shule zake za sekondari: mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mtoto wa mkulima aweza kufika kwenye mlango wa chuo kikuu kabla hajadaiwa ada, na hapo hesabu ikamshukia yote kwa mkupuo: ada, chumba, chakula, nauli, na kompyuta mpakato ambayo bila hiyo somo lenyewe ni hadithi. Na awepo, kwa mfano, kijana wa Matembwe aliyepata nafasi mbili za kusoma sayansi ya kompyuta. Moja iko Mbeya, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, chuo cha serikali, katika mji ambao basi la asubuhi kutoka Njombe huufikia siku hiyo hiyo. Nyingine iko Dar es Salaam, katika chuo cha binafsi chenye jina na ada kubwa. Moyo wake uko Dar es Salaam. Afanyeje?

Majibu mepesi ni mawili. La kwanza husema: fuata mfuko. Lina haki yake, lakini halina usafi linaodhaniwa kuwa nao. Wapishi wa pwani wamekwisha kunena kwamba rahisi huvunja upishi. Kijana aliyesukumwa mahali asipopataka, akayaacha masomo mwaka wa pili, amezikata misindano za mzazi wake bila ya kuleta chochote nyumbani. Na hasara hiyo ni kubwa kuliko ada ya chuo ghali. Nchi nzima imewahi kulijaribu jibu hili. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Sababu zilikuwepo: fedha za kigeni zilikuwa chache, na mitambo yenyewe ilikuwa imeleta hasara kuliko tija. Kwa mizani ya siku ile uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini marufuku ilipokuja kulegezwa katika miaka ya 1980, wataalamu walikuwa haba, na miaka iliyopita hainunuliki. Kutotumia nako kuna gharama, ila stakabadhi yake huchelewa kuletwa.

Jibu la pili husema: fuata moyo. Hili ndilo jibu la Bassanio. Tena Shakespeare alimwekea mtego wa kejeli. Alipofika Belmont akatakiwa kuchagua baina ya sanduku la dhahabu, la fedha na la risasi, Bassanio alihutubia juu ya udanganyifu wa mapambo ya nje, kisha akachagua risasi. Alichagua vyema. Lakini maneno hayo dhidi ya mapambo aliyasema akiwa amevaa mapambo ya fedha za mkopo, na mdhamini wa mkopo huo alikuwa karibu kukabili kisu. Uteuzi wake ulikuwa safi pale tu macho yalipotazama masanduku peke yake.

Hapo mtu atapinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: Antonio hakulazimishwa. Bassanio mwenyewe, aliposikia sharti la ratili ya nyama, alimkataza rafiki yake asitie saini, na Antonio akaitia kwa ridhaa. Kadhalika mzazi wa Matembwe hauzi shamba kwa kushikiwa bakora. Husema, nenda mwanangu, miti itapandwa mingine. Ikiwa mwenye mali ameridhia, kosa liko wapi?

Kosa liko katika kuidhania ridhaa ya mapenzi kuwa ni sawa na ridhaa ya biashara. Mfanyabiashara husema ndiyo baada ya kuhesabu. Apendaye husema ndiyo ili asihesabu, na pengine huona haya hata kuonekana akihesabu. Mzazi akiulizwa na mwanawe, “Je, mtaweza?”, atajibu kwamba wataweza, na jibu hilo halielezi kitu juu ya shamba, hueleza juu ya mzazi. Kwa hiyo kuomba ruhusa hakutoshi, maana ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ya ombi. Maadamu mpaji hatahesabu, wajibu wa kuhesabu humwangukia mpewaji. Anayependwa ndiye hakimu wa lililo halali kulipokea. Katika hili Bassanio alipungukiwa: alikataa mara moja kwa maneno, kisha akakubali kunyamazishwa.

Kuhesabu huku si kukimbilia kilicho rahisi. Ni kulifungua pendeleo lenyewe na kutazama limefungasha nini ndani. Ndani yake mna kupenda elimu, mna kupenda jina la chuo, na mna kupenda mji. Vitu hivi husafiri katika bahasha moja, navyo havina haki sawa juu ya jasho la mtu mwingine. Kupenda elimu kuna haki kubwa. Kijana akigundua kwamba chuo kimoja kina walimu wanaofika darasani, maabara ambamo mwanafunzi hapangi foleni kwa kompyuta moja, na mafunzo kazini yaliyo ya kweli, na kwamba chuo kingine kimepungukiwa na hayo, basi ana hoja ya kuiweka mbele ya mzazi bila haya, hata kama chuo bora ndicho kilicho ghali. Lakini na aulize kwanza, kwa wanaosoma hapo na waliokwisha kuhitimu, kwani chema chajiuza, na tangazo si ushahidi. Kanuni ya kupanga majina elfu kwa mfuatano wa alfabeti haibadiliki kwa kuwa imefundishwa Mbeya. Yumkini akaona kwamba sehemu kubwa ya pendeleo lake ni taa za jiji na sahibu zake waliotangulia. Hayo si maovu, na ujana haukatazwi kuyataka. Ila mti wa miaka 9 usikatwe kwa ajili yake. Hayo na ayangoje, ayanunue kwa mshahara wake.

Mtu mwingine asiyeulizwa ni kijana mwenyewe atakavyokuwa miaka kumi ijayo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafungulia mlango wengi ambao wasingeuona. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiriwa aliyekopa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, badala ya 8 ya awali. Na mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikaondolewa, mzigo ukapungua. Hata hivyo deni ni deni. Kijana wa miaka 19 humtilia saini mtu wa miaka 30, mwenye mke au mume, watoto, na wazazi waliozeeka. Mkopo kwa ajili ya elimu mtu huyo ataushukuru. Kwa ajili ya jina, ataulipa akinung’unika.

Na hata wanakijiji wenziwe wamo katika hesabu. Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila asirudi na kitu, ni msaliti. Mara nyingi mfano huo huelekezwa kwa aliyekwisha kuhitimu. Lakini huanza kufanya kazi mapema zaidi, siku ile chakula kinapogawiwa. Mwenye safari aweza kusema kwa adabu, “Hiki kinanitosha, kingine wekeni.” Neno hilo mama hatalisema kwa niaba yake, wala baba, wala mdogo wake wa darasa la sita ambaye misindano zile zilikuwa zake pia.

Shakespeare alimwokoa Antonio kwa kumleta Portia mahakamani katika vazi la mwanasheria. Familia za Matembwe hazina tamthilia ya kuwaokoa. Zina kijana aliyefaulu hesabu, anayetaka kusomea mtambo wa kuhesabu, na barua mbili juu ya meza. Akienda Mbeya au Dar es Salaam, na aende akijua ni miti mingapi imekatwa, ilikuwa na umri gani, na mingapi imebaki mlimani kwa ajili ya atakayefuata.