Kitovu na Uraia

Watu wetu husema kwamba mtu ni wa mahali kilipozikwa kitovu chake. Lakini hapa Nakuru, mji uliokuzwa na reli na watu waliokuja kutafuta riziki katika mashamba ya Njoro, Molo na Subukia, wako wazazi ambao mabinti zao wamevuka bahari, huyu akiuguza wagonjwa Marekani, yule akitumikia nyumba za watu Saudia, na huko ughaibuni wamejaaliwa watoto ambao udongo wa Bonde la Ufa haukupokea vitovu vyao. Je, watoto hawa ni wa nani?

Suala hili ni la kale. Mtume Paulo alizaliwa Tarso, mbali na Roma, na alipokaribia kupigwa mijeledi alitaja haki yake ya Urumi. Na jemadari, ambaye mwenyewe aliinunua haki hiyo kwa mali nyingi, akaambiwa kwamba mfungwa wake alizaliwa nayo. Uraia wa kuzaliwa, basi, haupatikani kwa thamani wala kwa amali. Mtoto huupokea kama apokeavyo pumzi, kabla hajaweza kulitamka jina la nchi, na kila aliyepewa neema pasipo kuistahili hana idhini ya kumnyima mwenziwe.

Hata hivyo sisi tulinyima. Katiba ya 1963 ilimkubali mtoto aliyezaliwa ng'ambo kwa ajili ya baba yake aliye raia, bali mama, aliyemchukua tumboni miezi tisa, hakuhesabiwa. Dhuluma hiyo ilidumu hadi tarehe 27 Agosti 2010, ilipotangazwa Katiba mpya, ambayo kwa kifungu cha 14 humhesabu kuwa raia wa kuzaliwa kila mtoto ambaye mama au baba yake ni raia, popote azaliwapo, na hukumu hiyo ikawafikia hata waliozaliwa kabla yake.

Hiyo ni insafu. Lakini mtoto wa mama asiyeolewa, akizaliwa Saudia, mara nyingi hukosa cheti cha kuzaliwa, na kwa kukosa cheti hukosa hati ya safari ya kumfikisha kwa bibi yake mzaa mama. Nawasihi wenye mamlaka katika balozi zetu wamwandike mtoto huyu pasipo kumhukumu mama yake, nasi jamaa tumpokee bila kumuuliza habari za baba. Kwani hakulichagua tumbo wala nchi, na sheria imekwisha kusema kuwa ni wetu.