Kuwinda katika Ardhi ya Wote

Watu kumi wa mji mmoja wa Marekani wamekubaliana kwenda kuwinda nguruwe-mwitu mwisho wa juma. Mmoja wao amefanywa kiongozi wa msafara. Amekusanya michango ya petroli na chakula, amewaambia wenzake waje na bunduki na mbwa, na amechagua msitu ambao si mali ya mtu binafsi bali ni wa umma, uliowekwa chini ya ulinzi wa serikali ili raia wote wautumie. Akiulizwa ni kwa nini waenda, hujibu pasipo kusita kwamba nguruwe hao ni waharibifu, na kwamba yeye na wenzake wanaisaidia nchi yao kwa kuwapunguza. Je, jibu hilo latosha kuifanya safari yao iwe jambo jema?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo, tena la mbali. Lakini ndani yake mna swali jingine lisilojua mipaka ya nchi: mtu anayefuata furaha yake katika mali ya wote, huku akisema kwamba anawatumikia wote, yatupasa tumpime kwa kipimo gani?

Wengi wetu tumemjua nguruwe-mwitu tangu utoto. Tumekesha mashambani tukipiga madebe na kuchochea moto ili mihogo na mahindi yasiliwe kabla ya mavuno, na tumewaona wanaume wa kijiji wakitoka pamoja na mbwa na mikuki. Lakini nguruwe wa huku kwetu ni mwenyeji wa pori. Alikuwako kabla ya shamba. Yule wa Marekani ni mgeni aliyeletwa na watu. Hernando de Soto, Mhispania, alipotua Florida mwaka 1539 alikuja na nguruwe wa kufugwa ili wawe chakula cha askari wake. Baada yake, kwa karne nyingi, wakulima waliwaachia nguruwe wao wazurure misituni wakijitafutia chakula, na wengi hawakurudi zizini. Kisha mwaka 1912 tajiri mmoja, George Gordon Moore, aliagiza nguruwe-mwitu kutoka Ulaya, akawaweka katika uzio mahali paitwapo Hooper Bald, katika milima ya North Carolina, ili rafiki zake wapate kuwinda. Uzio haukuwazuia. Walitoka, wakachanganyika na wale wa kufugwa waliogeuka kuwa wa mwitu, na uzao wao ungali ukitembea katika milima ile hata leo.

Sasa idadi yao nchini humo huhesabiwa kwa mamilioni, nao wamo katika majimbo zaidi ya 30. Hufukua mashamba ya mahindi, karanga na mpunga usiku mmoja tu hata yaonekane kama yamelimwa kwa trekta. Huchafua chemchemi na vijito, hula mayai ya ndege watagao chini, na katika fukwe za kusini hufukua hata mayai ya kasa. Hubeba pia magonjwa yawezayo kuwapata mifugo na watu. Idara ya Kilimo ya Marekani imekuwa ikikadiria hasara yote, pamoja na gharama za kupambana nao, kuwa zaidi ya dola bilioni 1.5 kila mwaka. Basi mkulima wa kule anayetaka waondolewe hana haja ya kujitetea mbele yetu.

Wala hatuungani na wale waonao kila uwindaji kuwa ukatili. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba si dhambi kumwua mnyama kwa ajili ya mahitaji ya mwanadamu. Na Kanisa, likiendelea kufundisha hivyo, huongeza kwamba kumtesa mnyama au kumwua pasipo haja hakupatani na heshima ya mwanadamu mwenyewe. Kuwinda si dhambi, na hata kufurahia kuwinda si dhambi. Shida yetu na watu wale kumi iko mahali pengine. Iko katika lile neno lao, «tunasaidia».

Tuyatazame mambo yaliyotokea katika jimbo la Tennessee. Kwa miaka mingi nguruwe-mwitu walikuwa katika sehemu chache tu za jimbo hilo. Mwaka 1999 serikali ya jimbo iliruhusu wawindwe kila mahali, pasipo kikomo cha idadi, ikitumaini kwamba bunduki nyingi zingewamaliza. Yalitokea kinyume chake. Hata kufikia mwaka 2011 nguruwe walikuwa wameonekana katika wilaya karibu 80 kati ya 95 za jimbo hilo, tena katika makundi yaliyotengana kwa maili nyingi, ambayo hayangeweza kufika huko kwa miguu yake. Idara ya wanyama ya jimbo ilitamka wazi sababu: watu walikuwa wakiwapakia nguruwe katika magari na kuwaachia misitu iliyo karibu nao, ili wapate mahali pa kuwinda. Mwaka huo wa 2011 jimbo lilimwondoa nguruwe katika orodha ya wanyama wa kuwindwa kwa starehe, likamweka katika orodha ya waharibifu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hatusemi kwamba kila mwindaji alifanya hivyo. Waliofanya huenda walikuwa wachache. Lakini penye watu wanaopenda kumwua mnyama fulani, hapakosi mtu atakayependa mnyama huyo asiishe.

Jambo la Missouri ni gumu zaidi, kwa kuwa huko hata mwindaji mwenye moyo safi alionekana kuwa kizuizi. Yafaa tueleze jinsi kazi ya kuwaondoa nguruwe inavyofanyika. Nguruwe-mwitu hutembea kwa makundi ya majike na watoto wao. Jike mmoja aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila mara akapata watoto wanne, sita, hata zaidi; ndiyo maana wataalamu wa Texas hukadiria kwamba yapasa kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ili idadi yao isiongezeke tu, achilia mbali kupungua. Kuua mmoja mmoja hakufui dafu. Njia iliyofaa ni kujenga zizi kubwa la waya msituni, kumwaga mahindi ndani yake, na kungoja. Usiku wa kwanza huja mmoja na kuonja. Baada ya siku kadhaa huja wengine. Afisa huwatazama kwa kamera, huhesabu, huongeza mahindi, na hauangushi mlango mpaka kundi zima, mkubwa na mdogo, limeingia. Kazi hiyo yaweza kuchukua majuma.

Sasa wafikiri wale watu kumi wakifika usiku wa kuamkia siku hiyo pamoja na mbwa wao. Wanaua wawili, pengine watatu, na kupiga picha. Waliobaki, ishirini au thelathini, wanatawanyika na kukimbilia bonde jingine, hata katika mashamba ambayo hayakuwa na nguruwe jana. Tena wamejifunza: hawatalikaribia zizi kwa urahisi, na watatembea usiku wa manane tu. Hesabu ya wawindaji yaonyesha nguruwe watatu wamepungua. Hesabu ya bonde zima yaonyesha kundi moja limekuwa makundi matatu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2016, idara ya uhifadhi ya Missouri ilipiga marufuku kuwinda nguruwe katika ardhi zote zilizo chini yake. Wawindaji wengi walikasirika. Walisema: twazuiwaje kumwua mnyama ambaye serikali yenyewe yataka afe? Tena walikuwa na hoja nyingine nzito, ambayo hatutaki kuipita kwa haraka. Nchini Marekani sehemu kubwa ya fedha za kulinda wanyama na misitu hutoka kwa wawindaji wenyewe, kwa njia ya ada za leseni na kwa kodi ya bunduki na risasi iliyotengwa kwa kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 1937. Mtu aliyelipa kwa miaka thelathini ana haki ya kusema, «Msitu huu ni wangu pia.»

Ni wake, ndiyo. Lakini maana ya neno hilo ndiyo tunayopaswa kuichunguza. Shamba langu mwenyewe nikilitumia vibaya, ninayepata hasara kwanza ni mimi. Kilicho changu pamoja na wengine mamilioni chanipa haki ya kukitumia. Hakinipi haki ya kuamua peke yangu matumizi yaliyo mema, kwa kuwa hasara ya kosa langu itawaangukia watu ambao hawakuulizwa: mkulima wa bonde la pili, mvuvi wa kijito, mtoto atakayeurithi msitu ule. Wako wanaodhani kwamba kitu cha umma, kwa kuwa hakina mwenyewe wa kugomba, chadai adabu ndogo. Sisi twaona kwamba chadai adabu kubwa zaidi, kwa sababu wenyewe ni wengi na wengi wao hawapo.

Tena walimu wa maadili wametufundisha tangu zamani kwamba tendo halipimwi kwa nia peke yake. Tendo lenyewe na mazingira yake hupimwa pia. Mtu anayeingia nyumbani mwa mgonjwa na kumpa dawa pasipo kumwuliza mganga aweza kuwa na moyo wa huruma kabisa, na mgonjwa akafa. Na neno «kusaidia» lina tabia hii ya pekee, kwamba ukweli wake haukai kwa msaidizi bali kwa anayesaidiwa. Waliokabidhiwa msitu wakisema, «Msaada wenu unatuharibia kazi,» anayeendelea kuwinda na kuuita uwindaji wake msaada amekwisha kuuacha ukweli. Ni afadhali mara mia mtu anayesema, «Naenda kwa sababu napenda kulala porini, napenda sauti za mbwa, napenda kukaa na rafiki zangu kando ya moto.» Furaha hiyo ni halali, tena mtu huyo aweza kuambiwa, «Usiende hapa, nenda kule,» naye akaelewa. Aliyeivika furaha yake joho la utumishi ni vigumu kumwambia neno, kwa kuwa kila anayempinga humwona kuwa adui wa nchi.

Pengine msomaji atauliza: je, kila safari ya namna hii ni mbaya basi? La hasha. Mahali si pamoja. Katika Texas, ambako nguruwe ni wengi mno na karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, tangu Septemba 2019 mtu hahitaji leseni kumwinda nguruwe katika shamba la mwenye kumruhusu. Lakini akiingia katika ardhi ya umma leseni yadaiwa. Yako majimbo ambako maofisa wa misitu ya umma hufungua milango kwa wawindaji wa nguruwe na kuwaonyesha mahali pa kwenda, kwa kuwa hapana mitego karibu. Kansas ilipiga marufuku uwindaji wa starehe wa nguruwe mapema, mwaka 2006, ili isiwepo faida kwa mtu kuwaleta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa msafara, kabla ya mahema na michango, ni kuuliza. Nayo ni kazi ya kazi kweli, maana jibu laweza kuwa hapana, na watu tisa wamekwisha kuomba ruhusa kazini.

Akiruhusiwa, mzigo wake haupungui. Msituni hatakuwa peke yake. Wako wanaotembea, wako wenye watoto, wako wanaokuja kutazama ndege, nao wana haki sawa na yake. Risasi ya bunduki kubwa huenda zaidi ya maili moja isipokutana na kitu. Kwa hiyo kila mmoja wa wale kumi lazima ajue wenzake wako wapi, avae kizibao cha rangi ya chungwa, na asifyatue risasi pasipo kuona kilicho nyuma ya mnyama. Mbwa hasomi vibao vya mipaka, na mkulima jirani atayahesabu makosa ya mbwa kuwa ya bwana wake. Mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka apatikane, hata ikiwa giza linaingia na chakula kinapoa kambini. Mharibifu naye husikia maumivu.

Mwishoni iko nyama. Sheria ya Marekani haimruhusu mwindaji kuiuza, kwa kuwa mnyama wa kuuzwa bucha hana budi kukaguliwa akiwa hai. Basi huliwa na wawindaji, jamaa na jirani zao, au huachwa ioze. Kiongozi mwenye busara hupatana na wenzake kabla ya kuondoka nani atachukua nini, ili wasiue wengi kuliko wawezavyo kubeba. Huwapa glavu za kuvaa wakati wa kuchuna, kwa sababu ugonjwa wa brusela huingia kwa damu kupitia hata jeraha dogo la kidole, na huwaagiza wake na mama watakaoipika nyama hiyo nyumbani kwamba iive kabisa hata ndani, pasiwe na wekundu.