Woga wa Wasioogopa

Machi 14, 2025, LE SSERAFIM, kundi la wasichana watano lenye makao yake Seoul, lilitoa albamu yake fupi ya tano kwa jina HOT. Ni nyimbo 5 tu, na zote kwa pamoja hazimalizi robo saa. Mwenye kusikiliza huku anaosha vyombo atasema ni mapenzi ya vijana, gitaa la roki na mdundo wa disko, basi. Akitulia kidogo atakutana na jambo jingine: mtu anayekubali kuungua mpaka awe majivu kwa ajili ya kile anachokipenda. Kwa kundi lililoingia mjini likijitapa kwamba haliogopi kitu, huko ni kubadili msimamo. Asiyeuogopa moto hana haja ya kuapa kwamba yuko tayari kuungua.

Majigambo ya mwanzo hayakuwa madogo. Source Music, kampuni iliyo chini ya HYBE, ililizindua kundi hilo Mei 2, 2022 kwa albamu fupi FEARLESS, yaani bila woga. Hata jina la kundi lilipatikana kwa kupangua herufi za sentensi ya Kiingereza yenye maana ya "mimi siogopi", kisha zikapangwa upya zikaleta maserafi, wale malaika wa moto. Woga, kwa hesabu hiyo, ni doa. Mtu akishajijua anatakiwa aufute.

Aristotle asingekubali. Katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako anaeleza kwamba mtu asiyeogopa chochote, liwe tetemeko la ardhi au mawimbi ya bahari, kama Wakelti walivyosemwa enzi zake, si shujaa. Ama ana wazimu, ama hana hisia. Shujaa wake anaogopa, ila anaogopa kinachostahili kuogopwa, kwa kiasi chake na kwa wakati wake, kisha anasimama kwa sababu kusimama ndiko kwema. Wahenga wa Kiswahili nao waliliona hilo kwa njia yao waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo haimpambi mwoga. Inahesabu matanga tu.

Oktoba 17, 2022, miezi mitano baada ya kuanza, kundi lilirudi na ANTIFRAGILE, na hapo falsafa ikaingia waziwazi. Neno hilo lilienezwa na mwandishi mzaliwa wa Lebanon, Nassim Nicholas Taleb, katika kitabu chake cha 2012. Taleb anagawa vitu mafungu matatu: kipo kinachopigwa kikavunjika, kipo kinachopigwa kikabaki vilevile, na kipo ambacho kipigo chenyewe hukiongezea nguvu. Mfano wake wa fungu la tatu ni Hydra, joka la Wayunani ambalo ukilikata kichwa kimoja viwili huota. Albamu inafunguliwa na kipande kiitwacho The Hydra. Hakika wasichana hao walikuwa na makovu ya kuonyesha. Sakura alikuwa anaanza kwa mara ya tatu, baada ya HKT48 ya Japani na kundi la IZ*ONE. Chaewon naye alitoka IZ*ONE, ambalo lilivunjwa 2021. Kazuha aliacha masomo ya baleti Amsterdam, na viatu vya baleti vinatajwa ndani ya wimbo wenye jina la albamu kama alama ya njia aliyoiacha nyuma.

Hoja ya Taleb inavutia, lakini ina tundu. Hydra hana rafiki, hana kazi anayoipenda, hana jina la kulinda. Vichwa vyake vyote ni sawasawa, kimoja kikienda hakililiwi. Binadamu hayuko hivyo. Kuna anachokipoteza ambacho hakioti tena hata vikija viwili vingine mahali pake, na woga wake mkubwa uko hapo hasa. Katika albamu hiyohiyo, wimbo No Celestial unakana kwamba waimbaji hao ni malaika au miungu wa kike. Ni kauli ya kibishi, ya kufokea wanaodai ukamilifu, lakini pia ndiyo kauli ya kwanza ya unyenyekevu katika kazi zao.

Kisha ikaja EASY, Februari 19, 2024. Jina linasema "rahisi" huku maudhui yakieleza wasiwasi na jasho lililofichwa nyuma ya jukwaa. Wasiwasi huo haukukawia kupimwa. Aprili 13 mwaka huohuo walipanda jukwaani kwenye tamasha la Coachella, jangwani California, kabla ya kutimiza miaka miwili tangu waanze. Walicheza kwa nguvu huku wakiimba, sauti zikayumba, na vipande vya video vikazunguka dunia vikisindikizwa na kejeli. Wiki moja baadaye, Aprili 20, walirudi kwenye tamasha lilelile, huku kejeli zikiwa bado za moto.

Mwenye shaka atasema ratiba na mkataba havikuwaachia njia nyingine. Aristotle anaijua hoja hiyo. Anawatenga askari wanaosimama kwa kumwogopa jemadari na wale wanaosimama kwa kuona haya na kutafuta heshima. Hawa wa pili wanaukaribia ushujaa bila kuufikia. Lakini huyohuyo anafundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri, tena na tena, mpaka yamwingie mwilini. Kwa kipimo hicho, msichana anayeimba kila usiku kwamba haogopi, hali magoti yanamtetemeka, hadanganyi moja kwa moja. Yuko mazoezini. Filamu ya hali halisi iliyotolewa 2024, Make It Look Easy, inayaonyesha machozi na mashaka ya mazoezi hayo, na kampuni imefanya vyema kuitoa, hata kama biashara nayo imo ndani yake.

Jina walilopewa mashabiki wao, FEARNOT, yaani usiogope, limebeba theolojia zaidi kuliko jina la kundi. Katika Injili ya Luka malaika anamwambia Zakaria asiogope, kisha Mariamu, kisha wachungaji usiku kondeni. Katika Qur'ani Musa anaiona fimbo yake ikitikisika kama nyoka, anageuka anakimbia, na ndipo anapoitwa arudi na aondoe hofu. Maneno hayo haambiwi asiye na woga. Anaambiwa anayetetemeka, na kazi kubwa inamsubiri mbele. Hata maserafi wa Isaya sura ya 6, wenye mabawa sita kila mmoja, wanatumia mawili kufunika nyuso zao mbele ya kiti cha enzi. Mmoja wao anachukua kaa la moto kwa koleo na kuligusisha kwenye midomo ya nabii, na baada ya hapo tu ndipo nabii anapokubali kutumwa.

Hapo HOT inaingia kwenye ubishi wa kale. Dini ya Buddha, iliyoota mizizi Korea kwa zaidi ya miaka 1,600, inafundisha katika Dhammapada kwamba huzuni na hofu huchipuka kwenye kile tunachokipenda; anayetaka kutoogopa na aulegeze mkono unaoshika. Waraka wa kwanza wa Yohana unashika njia iliyo kinyume: pendo likikamilika, lenyewe huifukuza hofu. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, haiondoi hofu kabisa. Anaifanya bawa moja, na matumaini bawa la pili, na bila yote mawili hakuna anayeruka kwenda kwa Mola wake.

Wimbo wa nne wa albamu, Ash, unasimama karibu zaidi na al-Ghazali kuliko na wengine, ingawa hakuna dalili kwamba watunzi wake walimsoma. Mwimbaji haachi kupenda ili apate amani, wala hadai kwamba upendo umemtoa hofu. Anaungua, anabaki majivu, na matumaini yapo majivuni. Taleb angemhesabu yule ndege wa hadithi za kale anayezaliwa upya kutoka kwenye majivu katika fungu la pili, la kinachobaki vilevile, wala si la tatu, maana hurudi kama alivyokuwa. Na iwe hivyo. Aliyepita kwenye moto kwa sababu ya mapenzi hahitaji kutoka na vichwa viwili.

Kama muziki, HOT si kazi kubwa kuliko zote walizotoa. So Cynical, wimbo wa mwisho, ni mwepesi mno kubeba kilichotangulia, na ANTIFRAGILE bado ina mdundo unaoshika zaidi. Kwa upande wa ukweli, HOT imeipita FEARLESS kwa mbali. Msikilizaji mwenye nusu saa na azisikilize hizo mbili mfululizo, FEARLESS kwanza.