Je, Kilichofukiwa Kimepotea?



Ndugu zangu wasomaji, naandika makala haya kwa sababu mwaka jana nilitoa fatwa, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilikuwa likizoni nyumbani, kusini ya Rumonge, nimemaliza mwaka wa pili chuoni. Aliyeniuliza ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wa shule ya zamani, mikono imejaa udongo, mbele yake kopo la bati. "Wewe ndiye msomi wa ukoo," aliniambia. "Hii ni halali au si halali?" Nikamjibu palepale, nimesimama.

Kaka anauza vyuma chakavu. Yeye na wenzake wawili walichanga fedha wakanunua mashine ya kutafutia vyuma vilivyo ardhini, ile yenye mkono mrefu na duara bapa chini yake. Unaipitisha polepole juu ya udongo kama mtu anayefagia. Duara linatuma nguvu ya sumaku chini. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, nayo inajibu, na mashine inalia. Thamani haiijui. Kipete cha kufungulia kopo la soda na pete ya dhahabu vinaweza kutoa mlio ule ule, na ndiyo maana mtu wa mashine hiyo huchimba mashimo mengi ya bure.

Shule yenyewe ilihamishwa baada ya maji ya Ziwa Tanganyika kupanda na kuta kupasuka. Yamebaki madarasa manne yasiyo na mapaa, mwembe mmoja, na michikichi nyuma. Mwalimu mkuu alimruhusu kaka kuokota misumari na mabati, kwa mdomo tu, kwa sharti la kufukia mashimo. Nilimsindikiza siku mbili, na siwezi kukuficha kwamba nilifurahi. Tulitoa bawaba, funguo, nibu za kalamu za kuchovya wino, sarafu za simba za miaka ile ya 1960 ambapo Rwanda na Burundi zilitumia faranga moja. Chini ya mwembe ilitoka sarafu ndogo ya shaba, nyeusi, ambayo niliisugua kwa limau mpaka maandishi yakaonekana: upande mmoja tai wa Wajerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka 1308. Ni pesa ya ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotengenezwa kati ya 1890 na 1892, na mwaka wake umeandikwa kwa hesabu ya Hijria. Wafanyabiashara wa pwani na wa Ujiji waliizoea, basi Wajerumani nao wakaandika kwa herufi zinazosomeka. Fikiria mtoto wa shule, au mchuuzi aliyepumzika hapo kabla shule haijajengwa, akipekua kikoi chake na kuikosa.

Kopo lilitoka siku ya pili, nyuma ya darasa la tatu, mguuni mwa ukuta, kina cha mkono hadi kiwiko. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na kitambaa, ndani ya kitambaa sarafu na vitu vya mwanamke vya kujipamba. Sarafu mpya kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1971.

Fatwa yangu ilikuwa hivi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba katika rikazi, yaani mali iliyozikwa ardhini, hutolewa khumusi, sehemu moja ya tano. Hii imezikwa ardhini. Toa moja ya tano, nne ni zako, na Mwenyezi Mungu akubariki. Kaka alifurahi kuliko nilivyotarajia. Nadhani alikuwa ameogopa nitamkataza. Alikwenda Bujumbura akauza vile vitu kwa sonara, akapeleka moja ya tano madrasa, na zilizobaki zikalipa ada ya binti yake na deni la duka. Sarafu hazikuwa na soko. Nilizichukua mimi pamoja na kitambaa na kopo, nikaweka kalamu zangu ndani ya kopo hilo, juu ya meza.

Bibi ndiye aliyeliona. Alikuwa ameniletea uji. Aliligeuza geuza mkononi, akauliza limetoka wapi, nikamweleza kwa fahari, pamoja na hukumu ya rikazi.

"Lilikuwa limefunikwa?"

"Limefunikwa, bibi. Mfuniko ulibanwa kwa nguvu."

"Basi hakuna aliyepoteza kitu hapo," akasema, akatoka.

Hapa inabidi niseme habari za kwetu. Mwaka 1972, katika yale mauaji ambayo kwa Kirundi tunayaita Ikiza, watu wa mwambao huu walivuka kwenda Tanzania usiku kwa usiku, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu. Babu na bibi walikuwa miongoni mwao. Walifika Kigoma, kisha wakapelekwa Ulyankulu, na huko ndiko alikozaliwa baba yangu, na mimi pia. Nilirudi Burundi nikiwa na miaka mitano. Bibi alipokuwa mke mchanga alizika sufuria mbili na jembe kabla ya kuondoka, akaweka jiwe la alama. Aliporudi, juu ya jiwe lile palikuwa na nyumba ya mtu. Babu naye alikuta michikichi aliyopanda baba yake inavunwa na wengine, akaidai mbele ya Bashingantahe kwa miaka kadhaa mpaka akapewa nusu. Katika miaka hiyo yote nyumbani kwetu kulikuwa na sentensi moja iliyorudiwa kila jioni: miaka haifuti haki. Mimi nimekua nikiisikia. Na siku niliyopewa kopo la mtu mwingine, nilifuta miaka hamsini ya haki yake kabla hata ya kufuta jasho.

Nilikwenda kwa sheikh wangu nikasoma naye mlango wa rikazi na wa luqata, jambo nililopaswa kulifanya kwanza. Sitaandika yote, ila mambo yaliyonivunja nguvu nitayataja.

La kwanza ni kwamba rikazi kwa wanazuoni walio wengi ni mazishi ya jahiliya, ya kaumu iliyokwisha, isiyo na wa kuja kuuliza. Ndiyo maana mafaqihi walitazama alama: kikiwa na jina la mfalme wa zamani au sanamu yake, ni rikazi, kikiwa na aya au jina la mtawala wa Kiislamu, kina mwenyewe, na hukumu yake ni ya luqata, mali iliyookotwa. Kisichojulikana ni cha wakati gani, Imam Nawawi katika Minhaj anakiingiza kwenye luqata. Yaani shaka humwendea mwenye mali, haimwendei mwenye jembe. (Nilimwonyesha sheikh ile pesa ya Wajerumani yenye Kiarabu na mwaka wa Hijria, nikamuuliza hii nayo ina alama ya Uislamu? Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, kula embe zako, ile ni kama tende iliyookotwa njiani, hakuna atakayeitafuta.)

Hoja ya kaka, na najua baadhi yenu mnayo mdomoni, ni kwamba mwenye kopo huenda hakuwa Mwislamu. Huenda, na sehemu zetu hilo ndilo lililo karibu zaidi. Lakini jahiliya haina maana ya "watu wasio sisi". Mwanamke aliyezika vitu vyake nyuma ya darasa mwaka 1972 alikuwa jirani wa bibi. Huenda walichota maji pamoja. Kumwita mtu wa jahiliya ili mali yake igeuke hazina ni jambo ambalo sisi, tulio wachache katika nchi hii, tungelilia sana kama tungefanyiwa.

Halafu kuna luqata yenyewe. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa aliagiza ujue chombo chake na kamba yake, uitangaze mwaka mzima, kisha unaweza kuitumia, lakini mwenyewe akija umpe. Alipoulizwa kuhusu ngamia aliyepotea alikasirika, akasema una nini naye, anazo kwato zake na maji yake tumboni, mwache mpaka bwana wake amkute. Nimelifikiria sana jibu hilo la ngamia. Tunaokota ili kumwokolea mtu kitu kisiharibike. Ngamia haharibiki, basi anayemchukua hamwokolei mtu lolote. Na kopo lililobanwa mfuniko, kina cha kiwiko, lilikuwa likiharibika? Lilikaa miaka hamsini salama kabisa. Lililoliharibu ni sisi.

Ndipo sheikh akanionyesha kauli ambayo wengi hawaifuati: wapo Mashafii waliosema mali ya namna hii hata luqata si luqata, kwa sababu luqata ni kitu kilichomponyoka mtu bila kukusudia, na hiki kimewekwa kwa makusudi. Hakimilikiwi kwa kutangazwa mwaka. Anayekipata anakishika kwa ajili ya mwenyewe, siku zote. Nilimtazama sheikh nikacheka peke yangu, maana bibi, ambaye hajui kusoma, alikuwa amekwisha kunipa kauli hiyo akiwa na bakuli la uji. Jumhuri wanasema ni luqata, na mimi si mtu wa kupingana na jumhuri. Lakini nikiulizwa moyo wangu umelalia wapi, umelalia kwa bibi.

Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na nadhani tunapita haraka pale penye ukuta. Khidhri anamkuta Musa (a.s.) akishangaa: mji umewanyima chakula, naye anausimamisha ukuta wao bure. Chini yake mna hazina ya mayatima wawili. Mtu yule aliijua hazina kwa elimu aliyopewa na Mola wake, bila mashine yoyote, na alichofanya nayo ni kuifunika vizuri zaidi. Sisi tulikuta ukuta unaotaka kuanguka, tukachimba mguuni mwake.

Wenzangu hapa bwenini wanapinga. Wanasema mwenyewe amekwisha kufa. Yawezekana. Lakini sisi ni umma ambao mirathi yake imegawanywa ndani ya Kitabu kwa nusu na robo na thumuni. Kifo kwetu hakiondoi haki ya mali, kinaigawa tu. Kama yule mama amekufa Katumba au Mishamo au njiani majini, basi badala ya mdai mmoja nina wadai saba. Mwingine akasema kwa nini nisumbuke, mtu akitembea akajikwaa kwenye kitu si kosa lake. Ni kweli, na hukumu ya mwokotaji ina upole kwa sababu hiyo: hakukitafuta. Ila anayepitisha mashine juu ya kila shibiri ya uwanja ambako watoto wa watu walisoma na watu wazima walijificha, hajajikwaa. Sisemi mashine ni haramu. Misumari ni misumari. Nasema anayetafuta hawezi kujivika vazi la aliyejikwaa.

Nilimwambia kaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ulisema halali." Sikuwa na la kujibu, na sina mpaka leo. Yeye aliuliza, mimi ndiye niliyejibu nisilolijua, kwa sababu niliitwa msomi nikaona tamu. Ada imeshalipwa, na vile vitu yumkini sonara ameshaviyeyusha. Tumekubaliana kwamba thamani yake ni deni: nusu kwake, nusu kwangu, na sehemu yangu naiweka kidogo kidogo kutoka kwenye posho ya masomo. Madrasa hatukuidai ile khumusi. Tumeihesabu kuwa sadaka yetu, na deni tumelibeba zima. Kaka hanisemeshi kama zamani.

Tumetangaza msikitini, na sokoni siku ya soko. Nilikwenda pia kanisani, nikasubiri nje mpaka misa ikaisha, na katekista akalisoma tangazo kwa sauti vizuri kuliko mimi. Jamaa zetu wa Ulyankulu wamepelekewa habari. Wamekwisha kuja watu watatu. Mmoja alitaja chungu cha dhahabu. Mmoja alilia kweli, na marehemu mama yake alizika kitu kweli, lakini alikizika chini ya mchikichi, si ukutani. Huyo tulikaa naye muda mrefu.

Mtaona kwamba sikueleza vile vitu vilikuwa vya aina gani, wala idadi ya sarafu, wala rangi ya kitambaa, wala kilichofungwa kwenye pembe yake. Hayo ni ya mwenyewe kuyasema. Anayejua mtu aliyesoma, kufundisha au kujificha kwenye shule ya ufukweni kusini ya Rumonge mwaka 1972, amwambie imamu wa msikiti wa chuo, naye ananijua. Kopo nimelifunika tena.