Msitu wa Ngezi na Suala la Amana

Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, ni masalio ya misitu iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa. Humo huota mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba pekee.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipoganda, bahari ilishuka kwa takriban mita 120. Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Ng'ambo ya mkondo, bara, chavua iliyohifadhiwa katika matope ya milima ya Udzungwa inaonyesha kuwa misitu ya huko ilistahimili kipindi hicho, kwani unyevu wa Bahari ya Hindi uliendelea kuifikia.

Kisha, Pemba, wakaja wakulima. Kufikia karne ya 7 palikuwa na makazi Tumbe. Baadaye, katika makazi ya Chwaka, pia Pemba, mpunga ukawa zao kuu. Katika karne ya 19 mikarafuu ilipandwa vilimani, mingi kwa kazi ya watumwa, na kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Katika karne ya 20 Ngezi yenyewe ilipasuliwa mbao kabla ya kuhifadhiwa.

Ikiwa msitu haujawahi kutulia, kinachohifadhiwa ni nini hasa? Uislamu, dini ya Wapemba walio wengi, humwita binadamu khalifa: mwenye kushika amana, si mwenye mali. Amana hurudishwa kama ilivyopokelewa, lakini msitu ni kitu hai. Haurudi vilevile hata usipoguswa. Kinachoweza kurudishwa ni uwezo wake wa kujiotesha upya. Tabianchi ya kale ilibadilika polepole, mbegu zikapata muda wa kuhama. Shoka halitoi muda huo, na kisiwani, mbegu za bara hazivuki mkondo kwa urahisi kuja kujaza pengo.

Hivyo amana haikatazi kuvuna. Inakataza kukata mzizi wa mavuno yajayo. Popo wa Pemba, msambazaji wa mbegu asiyepatikana kwingine, alikaribia kutoweka kwa kuwindwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanavijiji walipoyalinda malalo yake, idadi yake iliongezeka sana. Kumlinda popo ni kumlinda mpanzi wa msitu, na hapo ndipo amana inapotimizwa.